Mbuzi Aliyerudi Kinyumenyume Kabambare

Mbele ya wazee saba wa Kabambare, mchana, ndani ya ghala la pamba lililofungwa milango, nilirudisha mbuzi wa mahari kwa kuzungusha filamu kinyume. Mbuzi aliondoka mbele ya baba wa binti, akatangulia kwa matako mpaka upande wa mchumba, na kamba ikaenda naye. Hakuna aliyecheka. Katika miaka yote niliyozunguka na gari la sinema, hiyo ndiyo hadithi ya mapenzi pekee niliyoona watu wakiisadiki, na waliisadiki mahali pasipotakiwa.

Nimekabidhi funguo za gari mwezi uliopita. Ninyi mnaobaki nalo mmeniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa. Habari za vyeo na mishahara mtazikuta kwenye faili za ofisi, zimepangwa vizuri kuliko zilivyostahili. Mimi naandika ambayo hayamo, na hasa habari za filamu za mapenzi, kwa sababu zimo kumi na moja garini na mtalazimika kuzionyesha.

Nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu Kasongo. Sauti yangu ilifika ukuta wa nyuma bila shida, na kwa sababu hiyo tu bwana wa habari, Mzungu wa serikali, alinichukua. Watu walimwita Bwana Kimya, maana kila jioni alisimama mbele ya kitambaa cheupe na kusema "Kimya, kimya" mara tatu, hata pale ambapo hakuna aliyekuwa akisema. Filamu zetu karibu zote hazikuwa na sauti. Kila bobini ya filamu ilikuja na karatasi ya Kifaransa iliyoeleza yanayotokea, na kazi yangu ilikuwa kuyasema kwa Kiswahili kwenye mikro, kipaza sauti cha gari, huku picha zikienda.

Mwalimu wangu katika kazi hiyo alikuwa Ramazani, fundi wa mashine, mtu wa Kasongo, mpole, asiyeamini kitu chochote alichokionyesha. Siku ya kwanza aliniita nyuma ya gari.

"Angalia, mwalimu," alisema akifuta kioo cha mashine kwa kipande cha kanzu kuukuu. "Mashine yangu inaonyesha. Mudomo yako inadanganya. Watu wakirusha mawe, watarusha kwako."

Alinifundisha kupitisha ukingo wa filamu katikati ya vidole viwili nikiwa nimefumba macho, maana kidole kinaona mpasuko kabla ya jicho. Alinifundisha kutosimamisha filamu taa ikiwaka, isipokuwa kama nataka kuona picha ikiungua tundu katikati. Na alinifundisha kitu kimoja ambacho ndicho kilinifanya nidumu: nisitazame kitambaa. "Picha unaijua tayari," alisema. "Watu ndio hujui." Basi nikanunua daftari, na kila tulipofunga nikaandika maneno ya watazamaji kama walivyoyasema. Haya ninayoandika yanatoka humo.

Filamu ya kwanza ya mapenzi ilitoka mji mkuu. Kijana mwenye viatu vipya anamwona msichana bombani. Anamtazama. Msichana anatazama ndoo. Kijana anaweka mkono kifuani na kutazama mbali, kama mtu aliyekula muhogo usiolowekwa vizuri na sasa anasikiliza tumbo. Jua linazama. Picha inayofuata wamo ndani ya nyumba ya matofali yenye mapazia, na msichana anamimina kahawa. Karatasi ilisema kwamba penzi lao lilishinda yote, nami nikasema hivyo.

Mama Zaina, muuza vitumbua wa soko la Kasongo, alikuwa amekaa mstari wa mbele. Akageuka.

"Mwalimu, imeshinda nini? Hatukuona kitu ilipigana nayo."

"Pengine wazazi walikataa kwanza, mama."

"Wazazi gani? Umetuonyesha wazazi?"

"Hawakupigwa picha."

"Basi huyu mutoto ameibwa," alisema, na akina mama wote wa upande ule wakakubali kwamba ameibwa.

Mwanamume mmoja kutoka nyuma akauliza, "Na ndoo?"

Ndoo kweli ilikuwa imeachwa bombani. Hakuna aliyeichukua mpaka mwisho wa filamu. Waliporudi nyumbani hawakuzungumza habari ya kijana wala ya kifua chake. Walizungumza habari ya ndoo, na wiki nzima sokoni watu waliniuliza kama imepatikana.

Ya pili tuliionyesha Nyangwe. Wapenzi wanavuka mto kwa mtumbwi na kushikana mikono katikati ya maji. Ninyi mnaojua Nyangwe mnajua kwamba mvulana wa huko anashika kafi kabla hajashika kijiko. Kijana wa filamu aliweka kafi chini ili apate mkono wa kushikia. Pale pale wavuvi wakaanza kumpigia kelele ashike kafi, kwa sababu mtumbwi ulikuwa umeanza kugeuka ubavu na yeye anatabasamu. "Anamupenda, ndiyo, halafu anamuzamisha," alisema mzee mmoja, akaondoka kabla ya mwisho. Aliniambia kesho yake kwamba hakutaka kuona msichana akifa kwa ujinga. Nilimwambia hawakufa, walioana. Hakuniamini.

Ya tatu, Lusangi, ilikuwa ya sabuni. Hapa mpiga picha aliagizwa kufundisha usafi na akaona afunge usafi ndani ya mapenzi, kama dawa ndani ya ndizi. Msichana ana wachumba wawili. Mmoja ananawa mikono, mwingine hanawi. Msichana anatazama mikono ya huyu, anatazama ya yule, anafikiri sana, kisha anamchagua aliyenawa. Wachimbaji wa Lusangi, ambao mikono yao ina rangi ya udongo tangu Jumatatu hadi Jumamosi na ambao wote wana wake, walitazama mikono yao, wakatazamana. Mmoja akasema, "Asiyenawa ndiye analima. Mutaona mwaka kesho watakula nini." Wakampigia makofi aliyekataliwa.

Nilizihesabu aina za makosa katika daftari langu, na zote zilikuwa kosa moja. Watengenezaji walidhani mapenzi ni nyuso mbili. Kwa watu wetu, mapenzi ni ua lenye watu wengi: shangazi anayeulizwa, mjomba anayekasirika kwa kutoulizwa, ndugu wanaotumwa, mzigo unaobebwa. Walipoondoa watu hao wote wakabakiza nyuso mbili na jua linalozama, na wakashangaa kwamba wakulima wanacheka.

Bwana Kimya alishangaa kuliko wote. Aliniita ofisini.

"Sababu gani watu nacheka? Hii filamu hapana ya kucheka."

"Bwana, hakuna mahari."

"Mahari?"

"Hakuna mbuzi, bwana."

"Mbuzi ndani ya mapenzi?"

"Kabla ya mapenzi, bwana. Baba hajashika kamba."

Nikamweleza. Huku kwetu baba wa binti akishika kamba ya mbuzi mbele ya watu wa pande mbili, neno limekwisha. Karatasi ya teritwari, ya serikali, inaweza kuja baadaye, na padri anaweza kuja baadaye, lakini watakuta neno limekwisha. Bwana Kimya aliandika yote. Alikuwa mtu wa bidii, na bidii yake ndiyo iliyotuponza, yake pamoja na akili yangu.

Miezi michache baadaye alipata ruhusa ya kutengeneza filamu yake mwenyewe Kasongo. Akaniweka niwe mshauri wa desturi. Msichana wa filamu Bwana Kimya alimtafuta katika shule ya kushona ya masista, akamchagua Agata, binti wa Mzee Kalonda, mkulima Mkristo wa pembeni mwa mji. Agata alikuwa mrefu, mwenye ulimi mwepesi, na alikuwa tayari ameposwa na Bonifasi, kijana wa Kabambare aliyefanya kazi ya useremala. Maneno ya familia mbili yalikuwa yamekwisha kusemwa. Mbuzi alingojewa baada ya kuuza pamba. Kijana wa filamu alikuwa Filipo, karani mgeni kutoka upande wa ziwa, mwenye meno mazuri na hakuna kingine cha kutaja.

Nilitafuta mzee mmoja wa sokoni aigize baba. Mzee Kalonda akaja kwangu na fimbo yake.

"Mwalimu, nasikia binti yangu atasimama mbele ya watu na baba mwingine."

"Ni sinema tu, mzee."

"Miye nimekufa?"

"Hapana, mzee."

"Basi kama ni kusimama, nitasimama miye."

Niliona ni vizuri. Niliona hata ni heshima. Niandike wazi, kwa sababu ninyi mtafanya makosa ya aina hii: sikufikiri zaidi ya hapo.

Tulipiga picha juma zima. Bwana Kimya alitaka Agata atazame chini, Agata akamtazama yeye. Alitaka Filipo aweke mkono kifuani. Nikasema watu watacheka. Akasema katika filamu zote wanaweka, basi ukawekwa. Lakini siku ya mbuzi hakutoa amri, alinipa mimi kazi yote. Nilileta mbuzi wa kweli kutoka sokoni, dume jeusi lenye baka jeupe. Nikapanga watu wa pande mbili, nikawaketisha kwenye mikeka kama inavyostahili, nikaweka kamba kwa mkono wangu ndani ya mkono wa mzee aliyeigiza baba mdogo wa Filipo. Yeye akampa Kalonda. Kalonda akaipokea bila haraka, akaizungusha mara moja kwenye kiganja, akamtazama binti yake. Nilikuwa nimeona baba wengi wakipokea kamba, na sikuona tofauti.

Jioni hiyo mpishi wa Bwana Kimya alimchinja yule mbuzi, na wote tuliofanya kazi tukala. Mzee Kalonda alipewa mguu.

Filamu ilipokuwa tayari, Bwana Kimya alikwenda likizo Ulaya, Filipo akahamishwa, na mimi na Ramazani tukabaki na bobini. Kasongo walicheka mkono wa kifuani, kama nilivyosema. Walimwita Filipo "Mugonjwa wa Moyo". Halafu tukaenda Kabambare.

Nawakumbusha tu kwamba sikufikiri. Kabambare ndiko kwao Bonifasi.

Watu walijaa mapema, familia za Kikristo upande mmoja, za Kiislamu upande mwingine, watoto katikati. Bonifasi alikuwepo, amevaa shati jeupe, anajivuna, kwa sababu mchumba wake atakuwa mkubwa kama nyumba pale kitambaani. Pembeni yake alikaa Mzee Mulamba, ndugu wa marehemu baba yake, ndiye aliyepeleka maneno Kasongo. Walicheka walipopaswa kutocheka, mpaka ilipofika kamba. Hapo kelele zikakatika. Kwa mara ya kwanza kimya kilikuja bila Bwana Kimya. Nilisema kwenye mikro maneno niliyoyaandika mwenyewe, nikijisifu: "Baba ameshika kamba. Neno limekwisha."

Mzee Mulamba akasimama, akamshika Bonifasi bega, wakaondoka.

Asubuhi alikuja garini. Ramazani alikuwa akikaza nati, akaendelea kukaza.

"Mwalimu," alisema Mulamba, "yule mwanamuke ni wa nani?"

"Ni wa Bonifasi, mzee. Ile ni sinema."

"Najua ni sinema. Miye si mutoto. Nataka kuuliza vitu vidogo. Ile mbuzi ilikuwa mbuzi?"

"Ndiyo, mzee."

"Yule baba ni baba yake?"

"Ndiyo."

"Watu walikaa kwa mikeka, pande mbili?"

"Walikaa."

"Mutu alimulazimisha kushika?"

"Hapana. Lakini Filipo alikuwa anaigiza, mzee."

"Yeye, ndiyo," alisema Mulamba. "Mbuzi haikuigiza."

Ramazani aliacha kukaza nati.

Mulamba hakuwa na hasira. Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. Alinieleza taratibu kwamba hawezi kupeleka mbuzi juu ya mbuzi. Kama akimtwaa Agata sasa, kesho Filipo au ndugu zake watakuja na kusema Bonifasi amechukua mke wa mtu, na Kabambare yote iliona kamba kwa macho yao, hata ambao hawakuwahi kufika Kasongo. Watoto wa Agata wataitwa wa nani? Nikajaribu kusema kwamba hakuna mtu atakayekuja. Akaniuliza kama naweza kuandika hilo kwa jina la Filipo. Sikuweza.

Habari ilifika Kasongo kabla yetu. Agata alinikuta uwanjani pamoja na shangazi yake, Mama Anastasia, ambaye alinisalimu kwa namna ya kuonyesha kwamba salamu inamgharimu.

"Mwalimu," alisema Agata, "miye nilisimama kwa jua siku sita. Kama ile ni ndoa, huyo bwana hakunipa hata maji ya kunywa."

"Ni kweli, binti yangu."

"Bonifasi amekata mbao za kitanda. Sasa baba yake mudogo amesema azirudishe mbao kwa rafu ya karakana. Weye ndiye uliweka kamba. Weye utaitoa."

"Nitaitoa namna gani?"

"Miye nitajua?" alisema. "Si weye uko mushauri?"

Mama Anastasia akacheka kidogo, kicheko ambacho sikukipenda.

Ramazani ndiye aliyepata njia. Mashine yetu ilikuwa na kishikio cha kuzungusha filamu kinyume, ambacho tulikitumia tu tulipotaka kurudia kipande kilichoruka. "Kamba iliingia kwa mashine," alisema. "Itatoka kwa mashine." Alisema bila kucheka, ingawa nilijua jinsi alivyoyaona mambo yetu yote. Tukarudi Kabambare, siku nzima kwa barabara ya mvua, Agata na shangazi yake na Mzee Kalonda wakiwa nyuma ya gari juu ya mikeka ile ile.

Wazee walikubali kutazama. Tukafunga milango ya ghala la pamba, tukaziba matundu kwa magunia. Nilisema kwenye mikro kwa sauti ya chini, maana watu walikuwa kumi na wawili tu na hapakuwa na haja ya mikro, ila sikujua kusema mbele ya kitambaa bila kuishika.

Filamu ikazunguka. Agata alirudi nyumbani kinyumenyume. Filipo akashusha mkono wa kifuani, jambo pekee jema alilofanya katika filamu nzima. Kalonda wa kitambaani akaizungusha kamba kiganjani upande wa pili, akaitoa. Baba mdogo wa Filipo akaipokea. Mbuzi akamwendea kwa matako, mkia mbele. Kalonda mwenyewe, aliyekaa karibu nami, alifungua kiganja chake na kukifunga.

"Baba amerudisha kamba," nikasema.

Ramazani akazima. Wazee wakanong'onezana kwa Kibangubangu. Mzee mmoja akasema kwamba mbuzi anayerudishwa hutembea kwa uso, si kwa matako. Mwingine akajibu kwamba aliyekuja kwa mashine atarudi kama mashine inavyotaka. Walibishana hivyo kwa muda mrefu, kwa adabu, na nikaona kwamba wengi walikuwa wanatafuta njia ya kukubali.

Kisha Mulamba akauliza, "Baada ya siku ile, mbuzi ilikwenda wapi?"

Nilikuwa nimengoja swali hilo tangu asubuhi ile ya nati.

"Ililiwa, mzee."

"Na nani?"

"Na watu wa kazi."

 Mulamba aligeuza kichwa akamtazama Mzee Kalonda. Kalonda angeweza kunyamaza. Alisema, "Nilikula mguu."

Agata aliinama, akaweka kipaji cha uso juu ya magoti. Shangazi yake akasema, si kwa mtu yeyote, "Njaa ya huyu mwanamume."

Uamuzi wa wazee niliuandika kama ulivyotoka. Kamba imerudi, wameiona. Lakini nyama haikurudi, na haiwezi. Basi aliyeitoa aseme mwenyewe kwamba hadai kitu. Filipo akija, au akiandika kwa mkono wake kwamba yule mwanamke si wake wala nyama ile si deni, Mulamba atapeleka mbuzi siku hiyo hiyo. Asipoandika, wangoje.

Nilimwandikia Filipo barua kwa anwani ya ofisi alikohamishiwa. Baada ya msimu mmoja wa pamba niliandika ya pili. Bwana Kimya aliporudi kutoka likizo nilimweleza yote, naye akaandika ripoti kwamba watazamaji wa Kabambare waliguswa sana na filamu yake. Nakala iko ofisini, mnaweza kuisoma.

Bobini yenyewe iko ndani ya gari, kisanduku cha tatu, imefungwa kwa uzi mwekundu. Ionyesheni popote mnapoamriwa. Watacheka mkono wa kifuani, waacheni wacheke. Kabambare msiifungue.

Mbao za kitanda Bonifasi hakuzirudisha. Zimesimama ukutani kwake, nimeziona. Agata anashona katika chumba cha masista, na akinikuta njiani ananiuliza neno moja tu, "Bado?" Barua ya tatu niliipeleka posta mwenyewe siku niliyokabidhi funguo. Leo asubuhi nilipita tena posta. Filipo hajajibu.